Usilitie Mafuta

Ingia, ufunge mlango. Mvua ya Machynlleth haina adabu,
huingia dukani na hainunui kitu.
Unatafuta nini? Hujui. Vizuri.
Wasiojua ndio wateja wangu; wanaojua
huja na orodha, huondoka na orodha.

Anza na hawa, vijana wanne wa Bangor.
Wanajiita Hosan Unig, yaani Soksi Pweke,
na ndivyo wanavyoimba: hawalii, hawachekicheki,
wamekaa tu uvunguni wakimsubiri mwenzao.
Gitaa jepesi, ngoma ya kupapaswa kwa brashi,
kinanda cha mtumba chenye noti mbili bubu
wanazozikwepa kama mtu akwepavyo dimbwi
na viatu vya harusi miguuni.
Wimbo wa nne usiuruke.
Wa tano uruke. Wameujaza mno, na nimewaambia.

Au huyu, Tegwen, yuko peke yake.
Sauti yake si nzuri. Nauza, lakini sidanganyi.
Ina mkwaruzo wa kijiko kinachokomba
ukoko wa wali wa maziwa,
na nyumbani kwetu ukoko uligombewa.
Nyimbo nyingine karithi kwa shangazi yake,
nyingine katunga zamu za usiku, kiwanda cha jibini.
Ipi ya kale, ipi ya juzi?
Nimesikiliza mara arobaini. Sijui.

Hizo kadi zilizobandikwa, mwandiko ni wangu.
Bosi anataka niandike: tamu, mpya, inauzika.
Mimi naandika: sikiliza ukimenya viazi.
Naandika: si ya asubuhi.
Naandika: hii ilimrudisha dada yangu mezani
baada ya siku tatu za kununa.

Uliyepishana naye mlangoni, mwenye buti za matope,
ni Idwal. Mwezi wa pili aliingia kutafuta betri.
Betri hatuuzi. Nikamuuzia Tegwen.
"Muziki wangu uliishia kanisani," alinibishia,
akaichukua kwa kuwa gari lake bado lina tundu la kaseti
na kwa kuwa nilimpunguzia.

Juma la pili huyo, uso umekunjamana kama risiti.
Akaitua kaseti hapa, tap.
"Wimbo wa tatu. Mwishoni, akishanyamaza."
Nikadhani utepe umeliwa. Tukaiweka.
Tegwen akanyamaza.
Upepo. Kondoo mmoja, mbali.
Kisha kriiiii,
geti,
kisha chuma juu ya chuma, ngwa!
"Hilo," alisema Idwal, "ni langu."

Kumbe binti alipanga nyumba ya jirani kiangazi kizima,
madirisha wazi, mashine inarekodi,
na Idwal anapita kwenda kwa kondoo wake
miaka thelathini, hajui kuwa anapiga ala.

Nilimuuliza kama anadai fidia.
Alidai kaseti tatu zaidi.
Moja ya mwanawe aliyeko Perth, Australia,
apigaye simu Jumapili na kuulizia hali ya hewa
mpaka salio linakwisha.
Nimeifunga mwenyewe, nikaandika kwenye kadi:
usizime mapema.
Hajajibu bado. Posta ya huko ni mbali.

Na leo unajua alichofuata? Hakuja kununua.
Amekuja kunieleza kwamba jirani, kwa wema wake,
alileta kopo la mafuta apake bawaba,
naye akamtimua hadi barabarani.

Basi usiniulize ipi ni bora.
Chukua ya Tegwen. Wale vijana nitakuwekea hadi Jumatano,
siku ya soko, nitakuwa na chenji.
Mvua? Bado.
Sogeza hicho kiti, nigeuze upande wa pili.